Majanga ya asili yanayochocheana: Nyiragongo na Ziwa Kivu

Majanga yanayochocheana ni hatari za asili ambazo moja huzaa nyingine, au hutukia pamoja, hata madhara yake yakazidi yale ambayo kila moja ingeyaleta peke yake. Goma, mji wa mashariki mwa Kongo uliobanwa kati ya volkeno ya Nyiragongo (mita 3,470) na Ziwa Kivu, ni mfano ulio wazi kuliko mingi.

Tarehe 17 Januari 2002 ubavu wa mlima ulipasuka, lava ikapita katikati ya mji hadi ziwani. Matetemeko yaliyofuata yalitia nyufa nyumba ambazo lava haikuzigusa. Siku chache baadaye, mlima ukiwa umeshatulia, kituo cha mafuta kililipuka kwa joto la lava na kuua makumi ya watu. Watu wapatao 120,000 walibaki bila makazi.

Hofu kubwa zaidi iko vilindini. Ndani ya maji ya Kivu zimeyeyuka takribani kilomita za ujazo 300 za kabonidayoksaidi na 60 za methani, zilizokandamizwa na uzito wa maji ya juu. Lava ikizama hadi kwenye matabaka hayo, au tetemeko kubwa likiyavuruga, gesi inaweza kufumuka. Mwaka 1986 Ziwa Nyos la Kameruni, dogo mno likilinganishwa na Kivu, lilitoa kabonidayoksaidi iliyoua watu wapatao 1,700. Lava ya 2002 haikufika kwenye matabaka ya gesi ya Kivu. Hata hivyo, kabonidayoksaidi hupenya kutoka ardhini kandokando ya ziwa na kutuama mabondeni. Wenyeji huita sehemu hizo mazuku, nazo huua watu na mifugo bila mlipuko wowote.

Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulilipuka tena, na lava ikaja kusimama karibu na uwanja wa ndege wa Goma, lakini magma iliendelea kujipenyeza chini ya mji kuelekea ziwani, ikitikisa Goma na mji jirani wa Gisenyi, Rwanda, kwa siku kadhaa. Tarehe 27 serikali iliamuru mitaa kadhaa ihamwe. Maelfu walikimbilia mji wa Sake, ambako kipindupindu si kigeni, na huko Goma walikotoka lava ilikuwa imeharibu miundombinu ya maji. Hatari ya maradhi, basi, haikutoka kasokoni tu; ilizaliwa pia na safari ya kuukimbia mlima.

Ramani ya hatari ya Goma inayochora njia za lava ikaacha gesi, nyufa na maji ya kunywa haijakamilika.