Watoro wa Rabai na Thamani ya Mtu

Katika miaka ya 1870 na 1880, wakati Malindi ilipokuwa ghala la nafaka la pwani yote, na majahazi yakipakia mtama na ufuta kwenda Arabuni, mashamba yale yalilimwa na maelfu ya watu ambao, mmoja wao akiulizwa yeye ni nani, hakuwa na jawabu ila kumtaja bwana wake. Jirani yake Mgiriama alijibu kwa kutaja kaya, ukoo na mlango. Na alipokufa, kama alikuwa mzee wa chama cha Gohu, jamaa zake walimchongea kigango cha mti mgumu, kichwa chake mviringo, kiwiliwili kimekatwa pembetatu kwa pembetatu, wakakisimamisha wima ardhini ili koma yake ipate kukumbukwa kwa taadhima. Mtumwa Myao au Mnyasa, aliyeuzwa utotoni na kusahau hata jina la kijiji chake, hakuwa na wa kumchongea.

Hali hii ndiyo inayotufahamisha kwa nini Injili, iliyoletwa Rabai, nyuma ya Mombasa, mwaka 1846 na mmisionari Johann Ludwig Krapf pamoja na mwenzake Johannes Rebmann, ilikaa miaka mingi bila wafuasi wa kuhesabika. Wazee wa kaya waliwapokea wageni wale kwa adabu, wakawasikiliza, wakaenda zao. Sioni ajabu. Mtu mwenye nasaba, mwenye minazi na mwenye kiti katika kambi ya wazee, akiambiwa kwamba hadhi yake yatoka kwa Mungu aliyemwumba wala si kwa ukoo wake, huona kama ananyang'anywa mali aliyo nayo apewe ahadi. Wa kwanza kuitika alikuwa Mringe, kilema maskini, ambaye hesabu za dunia hazikuwa zimempa kitu cha kupoteza.

Walioielewa habari ile kwa ukamilifu walikuja baadaye, kwa njia ya mbali. Manowari za Kiingereza zilizokamata majahazi ya watumwa zilikuwa zikiwapeleka baadhi ya mateka Bara Hindi, na huko Nasik wakalelewa na misheni, wakafundishwa dini na kazi za mikono. Mmoja wao alikuwa William Jones, Myao, aliyejifunza uhunzi, akarejeshwa pwani mwaka 1864 kufanya kazi Rabai. Mtu huyu alikuwa ameuzwa na kununuliwa, akaijua bei yake mwenyewe. Na mwaka 1885 Askofu James Hannington alimwekea mikono awe shemasi. Mwaka ule ule alifuatana na askofu safarini kwenda Uganda, akaachwa nyuma pamoja na sehemu ya msafara, na askofu alipouawa Busoga ni Jones aliyewarudisha wapagazi waliosalia, wakaingia Rabai Februari 1886 wamechoka, wamechakaa, mbele yao bendera ya buluu iliyoandikwa Ikabodi, yaani utukufu umeondoka.

Wakati huo Rabai ilikuwa imejaa watoro. Walitoroka Malindi, Takaungu na Mombasa, wakapita vichakani usiku, wakajenga vibanda kandokando ya kanisa, wakakaa darasani wakisubiri ubatizo. Hapo misheni ilitahayari: wakubwa wake walikuwa wameahidi serikali kutowapokea watumwa wa watu, huku mimbarini wakihubiri kwamba mbele ya Kristo hakuna mtumwa wala mwungwana. Kwa maoni yangu, waliolishika neno lile kwa uzito wake ni Waafrika wenyewe. Huko Fuladoyo, nyuma ya Takaungu, David Koi, Mkristo Mgiriama, mtu mwenye ukoo ambaye hakulazimika kujitia mashakani kwa ajili ya wasio na ukoo, aliongoza kijiji cha watoro kisichokuwa na Mzungu hata mmoja, na kwa sababu hiyo akauawa.

Mwaka 1888 mabwana walidai watu wao, na vita vikanukia. George Mackenzie, wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, aliona ni heri kulipa: riali 25 kwa kichwa, kwa watoro zaidi ya 1,400 wa Rabai na misheni nyingine. Tarehe 1 Januari 1889 watu walikusanyika Rabai, wakaitwa mmoja mmoja, kila mtu akakabidhiwa hati yake ya uhuru. Furaha ilikuwa kubwa, na ilistahili kuwa kubwa. Lakini ni vigumu kutoona kwamba watu waliofundishwa kuwa wana thamani isiyonunulika walipata amani baada ya kulipiwa bei moja kwa wote, mzee na kijana, na kwamba fedha ile ilimwendea bwana.

Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria pwani ya Kenya mwaka 1907, na fidia tena wakapewa mabwana. Watoto wa watoro, pamoja na wenzao wa Frere Town, kijiji cha misheni cha watumwa waliookolewa karibu na Mombasa, walikuwa wamekwisha kusoma, wakawa walimu, makarani na makatekista pwani na bara. Wakaitwa Wamisheni, jina ambalo majirani zao wenye kaya mara nyingi walilitamka kwa dharau.