Walimu wa Kiswahili wa Chuo cha Berlin

Kwa mtu wa zamani wa Mrima, pwani inayoelekea Unguja, chuo hakikuwa majengo ya ghorofa yenye maktaba. Kilikuwa mahali pa kusomea Kurani: baraza, mkeka, ubao wa kuandikia na mwalimu mwenye bakora. Walimu wa pwani walioitwa Berlin mwishoni mwa karne ya 19 walikuta chuo cha namna nyingine: wanafunzi wenye masharubu, wakijifunza Kiswahili ili wakawatawale wenye Kiswahili.

Seminari ya Lugha za Mashariki ilifunguliwa Oktoba 1887, chini ya chuo kikuu ambacho leo kinaitwa Humboldt. Mkuu wake, Eduard Sachau, alikuwa bingwa wa Kiarabu. Kusudi la kwanza lilikuwa kupata wakalimani wa balozi, wajuao Kituruki, Kiajemi, Kichina na Kijapani. Kiswahili nacho kikaingia upesi, maana Wajerumani walikuwa wamekwisha kujitwalia nchi ya bara inayoelekea Unguja. Somo hilo alipewa Carl Büttner, mmisionari wa zamani aliyewahi kuishi kwa Waherero, kusini magharibi mwa Afrika. Sarufi aliijua, lakini pwani haikuwa kwao. Alimhitaji mtu aliyenyonya lugha hiyo.

Wa kwanza alikuwa Sleman bin Said, wa Unguja, aliyefika mwaka 1889. Desemba ya mwaka huohuo Abushiri, kiongozi wa watu wa pwani waliowapinga Wajerumani, akanyongwa Pangani. Kiswahili kilichofundishwa Berlin na kamba iliyofungwa Pangani vilikuwa kazi ya dola moja.

Mwaka 1891 akaja Amur bin Nasur, akakaa hadi 1895. Huyu ndiye anayenivutia zaidi, kwa kuwa aliandika habari zake mwenyewe: maisha yake, safari yake na mji aliokwenda kuishi. Watu wa pwani walikuwa na tenzi tele, na barua na nasaba pia, ila masimulizi marefu ya nathari, mtu akijisimulia mwenyewe, yalikuwa kitu kigeni kwenye karatasi. Tumezoea kusoma Mzungu anavyomtazama Mswahili. Hapa Mswahili ndiye anayetazama, na Berlin ndiyo inayotazamwa.

Hata hivyo tusisahau karatasi hizo zilitumika wapi. Zilikuwa vifaa vya darasa. Büttner alikusanya maandishi ya namna hii, nayo yakachapwa katika juzuu mbili za mwaka 1894, Kiswahili kwa herufi za Kilatini pamoja na tafsiri ya Kijerumani. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki Desemba 1893.

Mrithi wake, Carl Velten, akaendeleza kazi hiyo. Kwa ombi lake Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda na mwalimu wa Kurani Bagamoyo, aliandika safari yake ya Udoe na Uzigua, iliyotoka mwaka 1901 katika *Safari za Wasuaheli*. Kisha akaandika sehemu kubwa ya *Desturi za Wasuaheli*, iliyochapwa mwaka 1903. Jina kubwa kwenye jalada likawa la Velten.

Mtoro alifika Berlin mwaka 1900. Mwalimu aliyezoea kuona watoto wakisimama kila aingiapo darasani akawakuta vijana waliokataa kumheshimu mtu mweusi. Aliacha kazi. Mwaka 1904 akamwoa Mjerumani, Bertha Hilske, na mwaka uliofuata wakapanda meli kurudi nyumbani. Serikali ya koloni ikawazuia kushuka Dar es Salaam, kwa sababu ya ndoa ile. Bagamoyo, safari fupi tu kutoka bandari ile, hakuiona. Wakageuza na meli kurudi Ujerumani, na huko Mtoro aliishi hadi alipofariki mwaka 1927.