Namna ya kushughulika na wanunuzi wasumbufu wa mtandaoni mjini Kampala

KAMPALA – Mfanyabiashara anayeuza kwa simu na intaneti mjini Kampala hukutana na mnunuzi ambaye mwenye duka la Kikuubo hamjui sana. Huagiza viatu akiwa Mukono, bodaboda akifika mlangoni huanza kupatana bei upya. Mwingine huzima simu mzigo ukiwa njiani, na mwingine hurudisha gauni Jumatatu baada ya kulivaa kwenye harusi ya Jumamosi.

Chanzo kikubwa ni umbali. Dukani mteja hushika bidhaa, hupatana bei, hulipa na kuondoka. Mtandaoni huona picha tu, na kwa kuwa wengi wamewahi kutapeliwa, hupendelea kulipa mzigo ukishafika. Masoko makubwa ya mtandaoni kama Jumia yaliuzoesha umma utaratibu huo, na wauzaji wadogo wa WhatsApp, Instagram na TikTok wakalazimika kuufuata. Matokeo yake ni kwamba hatari yote ya safari humwangukia muuzaji.

HASARA INAVYOHESABIWA

Chukulia muuzaji amenunua jozi ya viatu kwa shilingi 80,000 za Uganda na kuiuza kwa 100,000. Faida ni 20,000. Bodaboda wa kwenda Mukono akitoza 15,000 na kurudi 15,000, mteja aliyekataa mzigo amemtia muuzaji hasara ya 30,000, yaani faida ya jozi moja na nusu. Viatu vikirudi vimechakaa kiasi cha kutouzika, hasara ni 110,000, na itabidi auze jozi sita nyingine ili kuifidia. Kwa mwenye mtaji wa laki tano, wateja watatu wa namna hiyo katika mwezi mmoja wanatosha kuifunga biashara.

KWANZA, JE, MTEJA ANA HAKI?

Kabla ya kumwita mteja msumbufu, muuzaji apime kama madai yake yanalindwa na sheria. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Uganda ya mwaka 2011 inamtaka anayeuza kwa njia hiyo kueleza jina na anwani yake, sifa za bidhaa, bei kamili pamoja na gharama za usafirishaji, na utaratibu wa kurudisha mali. Asipotimiza hayo, mteja anaweza kuvunja mauzo ndani ya siku 14 tangu kupokea bidhaa.

Hata pale muuzaji alipoeleza kila kitu, sheria hiyo humpa mnunuzi siku 7 za kubadili nia, na gharama anayoweza kutozwa ni ile ya kurudisha bidhaa. Haki hiyo ina vighairi vyake, hivyo anayeuza vyakula au nguo za kushonwa kwa vipimo vya mteja asome orodha kabla ya kutangaza masharti yake. Pia ipo Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017, inayotaka bidhaa ilingane na maelezo yaliyotolewa. Tangazo la "mali ikiuzwa hairudishwi" haliwezi kumwokoa aliyetuma kiatu namba 40 badala ya 42.

Msumbufu basi ni yule anayedai kisichokuwa katika makubaliano wala katika sheria.

MBINU KWA KILA AINA

1. Anayepunguza bei mlangoni. Bei ya mwisho iandikwe kwenye ujumbe, na mteja ajibu kwa maandishi kwamba ameikubali, kabla bodaboda hajaondoka. Bodaboda aagizwe asipatane na mtu. Asipolipwa bei hiyo, arudi na mzigo.

2. Anayeagiza kisha kupotea. Nauli ya bodaboda ilipwe kwanza kwa pesa za simu, huduma ambayo MTN iliianzisha Uganda mwaka 2009 na sasa iko mikononi mwa wengi. Mteja wa kweli hashindwi kutanguliza 10,000 au 15,000. Anayekataa kabisa amejitambulisha mapema.

3. Anayerudisha kilichotumika. Bidhaa ipigwe picha kabla ya kufungwa, ikionyesha soli, lebo na namba ya utambulisho kama ni simu. Masharti yaseme wazi kwamba inayorudi iwe katika hali ileile. Mabishano yakizuka, picha mbili zikiwekwa pamoja huyamaliza haraka.

4. Anayelipa kisha kudai alikosea namba. Huyu huchukua mali, halafu huomba mtandao wa simu umrudishie fedha. Muuzaji ahakikishe salio lake mwenyewe bila kutegemea ujumbe alioonyeshwa na mteja, kisha ahifadhi oda, namba iliyolipa na uthibitisho wa kupokea mzigo. Namba iliyolipa ikiwa tofauti na iliyoagiza, aulize sababu kabla ya kutuma.

5. Anayetishia kuchafua jina. Jibu liwe moja, fupi na la heshima, likitaja tarehe na makubaliano. Muuzaji asilipize kisasi kwa kuanika picha, namba ya simu au nyumba ya mteja. Sheria ya Kulinda Data na Faragha ya mwaka 2019 inaweza kumgeuza mwenye haki kuwa mshitakiwa.

MTEJA WA NG'AMBO YA MPAKA

Mzigo ukienda Nairobi kupitia Busia au Malaba, au Bukoba kupitia Mutukula, lalamiko la kawaida ni "hukuniambia kuna ushuru." Chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani hupata cheti rahisi cha uasili na kusamehewa ushuru wa forodha. Nguo iliyotoka China haiingii humo hata kama ilinunuliwa Kikuubo. Muuzaji aandike mapema nani atalipa ushuru na kodi nyingine, na kwa mteja mgeni adai malipo yote kabla ya kusafirisha, kwa sababu kumfuatilia mdaiwa aliye nchi nyingine kwa deni dogo hugharimu kuliko deni lenyewe.

SHAURI LIKISHINDIKANA

Ndani ya Uganda, madai yasiyozidi shilingi milioni 10 yanaweza kupelekwa kwenye utaratibu wa madai madogo ulioanzishwa kwa kanuni za mwaka 2011. Wahusika hujieleza wenyewe mbele ya hakimu bila wakili, baada ya mdaiwa kupewa barua ya madai. Sheria ya 2011 inatambua ujumbe wa kielektroniki kama ushahidi, hivyo mazungumzo ya WhatsApp yasifutwe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa muuzaji wa mtandaoni daftari hilo ni simu yake.

Kwa deni la 30,000, hata hivyo, siku moja mahakamani inaweza kula zaidi ya hasara yenyewe. Wakati mwingine hesabu nzuri ni kurudisha fedha, kuiandika namba ya mteja huyo pembeni, na kutomuuzia tena isipokuwa amelipa kwanza.