Daftari la mjomba: gari na masika ya Uluguru

Novemba iliyopita binamu yangu anayeishi Winnipeg, Kanada, alinipigia simu akiwa kwenye banda la gari lake. "Nalilaza gari," akasema. Nikacheka, kwa sababu neno hilo, kwa maana hiyo, sikuwa nimelisikia tangu baba yake afariki. Akanieleza kila alichofanya: amebadilisha oili, amejaza tangi mpaka juu ili unyevu usipate nafasi, ameongeza upepo kwenye matairi, betri ameifungua, na kwenye bomba la moshi amechomeka tambara ili panya wasihamie. Gari litakaa hivyo mpaka Aprili. Kule barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi ile hula bodi kuanzia chini. Kwa hiyo ana magari mawili, zuri la kiangazi na chakavu la majira ya baridi, ambalo kutu ikilimaliza hatalililia. Hata bima ya gari lililolazwa ni nafuu, aliniambia.

Halafu akauliza, "Lile daftari la mzee bado unalo?"

Ninalo. Kwa mila yetu Waluguru, ukoo hufuata upande wa mama, na mpwa ndiye hurithi kwa mjomba. Ndiyo maana daftari na mifupa ya Land Rover vilikuja kwangu, si kwa mwana wa marehemu. Binamu hajawahi kulalamika. Lakini kila akipiga simu huuliza daftari, hajawahi kuuliza shamba.

Ni daftari la kawaida la shule, lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Linaanza mwaka 1976 na kuishia 1988. Mjomba hakuwa mtu wa maneno mengi. Ameandika tarehe, lita, kilomita, bei ya springi, jina la fundi, na kila mwaka mistari miwili inayojirudia: "Limelala 19/3." "Limeamka 2/6." Nimesoma vitabu kadhaa vya historia ya barabara za nchi hii, na bado naona daftari hili linasema jambo ambalo vingi havikulisema.

Kwanza mahali penyewe. Mjomba aliishi Nyandira, Mgeta, upande wa magharibi wa milima. Unatoka Morogoro mjini kwa barabara ya Iringa, unakata kushoto Sangasanga, unapita Mlali, halafu unaanza kupanda. Huko juu hulimwa kabichi, karoti, viazi mviringo, njegere na matunda ya baridi, na sehemu kubwa ya mazao hayo huenda Dar es Salaam. Barabara imechimbwa ubavuni mwa mlima, udongo ni mwekundu, na masika ya Machi hadi Mei yakianza, udongo ule huwa kama sabuni. Upande wa mashariki, kule Matombo na Kinole, mambo ni mazito zaidi, maana mawingu ya bahari hukutana na mlima pale kwanza, na huko hunyesha karibu mwaka mzima.

Gari na mvua vilianza kuviziana mapema hapa. Paul Graetz, afisa wa Kijerumani aliyekuwa wa kwanza kuvuka Afrika kwa gari kutoka pwani hadi pwani, aliondoka Dar es Salaam tarehe 10 Agosti 1907, akapita Morogoro, na kufika Swakopmund, pwani ya Atlantiki, tarehe 1 Mei 1909. Mtu wa Morogoro akiisoma tarehe ile ya kuondoka anaielewa papo hapo: Agosti, kiangazi. Reli ya kati ilifika Morogoro mwaka huohuo wa 1907, na kwa muda mrefu ikawa ndiyo njia pekee iliyojidai kupitika mwaka mzima. Kujidai, nasema, kwa sababu hata reli ina masika yake; mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko ya Kilosa yaliing'oa na safari zikasimama.

Waingereza walipochukua nchi waligawa barabara kwa msimu, zipo za mwaka mzima na zipo za kiangazi tu. Za udongo zilifungwa mvua zikizidi, hasa kwa magari mazito. Wazee wa Mgeta niliowasikia utotoni walizungumzia kizuizi cha mvua kama tunavyozungumzia leo kizuizi cha ushuru, kwa kuguna. Lakini mjomba alikitetea. Alisema gari moja zito likipita kwenye tope asubuhi, jioni kuna mifereji miwili, na mifereji ile ndiyo maji yatakayoifuata usiku mpaka kipande cha barabara kiende bondeni.

Hoja hiyo ndiyo iliyomgombanisha na jirani yake. Jirani alikuwa na pikapu aliyoiendesha mwaka mzima. Masika yakianza alifunga minyororo kwenye matairi ya nyuma, akapakia kabichi na utingo wawili wenye majembe na mbao, akateremka. Bei ya kabichi sokoni Aprili ilikuwa nzuri kwa sababu wengine walikuwa wamekwama, na yeye alilijua hilo. Mjomba alisema jirani anakula barabara ya watu wote. Jirani alisema mjomba ana gari la maonyesho. Wote wawili walikuwa na haki, nadhani, ndiyo maana ugomvi haukuisha.

Kulilaza kulikuwa na utaratibu. Mjomba alisubiri mvua kubwa ya kwanza ya Machi, akateremsha gari mjini, Mwembesongo, kwenye ua wa rafiki yake. Akalipandisha kwa jeki, akaliweka juu ya mawe, akavua matairi yote manne na kuyafungia ndani. Betri aliipeleka kwa fundi. Akapaka grisi kila mahali mkono ulipofika. Halafu akapanda basi mpaka Sangasanga, na kuanzia hapo akatembea kurudi kwake, ufunguo wa gari umening'inia shingoni kwa uzi. Aliishi na ufunguo ule miezi miwili na nusu, kilomita nyingi kutoka kwenye kitu unachokifungua.

Na mazao je? Hapa ndipo namkumbuka binamu na gari lake chakavu la baridi. Kwetu nalo lilikuwepo, ila lilikuwa kichwa cha mwanamke. Tenga la karoti lilipanda kichwani alfajiri na kushuka Mlali mchana, kwa njia za mkato ambazo gari haliziwezi. Bibi yangu, mama zangu wadogo, wote walikuwa gari la masika. Kwenye daftari hawamo, kwa sababu hawakunywa petroli.

Wakati huohuo, chini kule bondeni, barabara kuu ilikuwa imeshapata bahati yake, na bahati yenyewe ilitoka mbali. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia ikakatiwa njia ya mafuta ya kusini. Malori yakaanza kubeba mapipa ya mafuta kutoka Dar es Salaam kupitia Morogoro, Iringa na Mbeya mpaka Tunduma, kiangazi na masika, kwenye barabara ambayo sehemu kubwa ilikuwa ya udongo. Madereva waliiita njia ya jehanamu, na wengi walifia humo. Bomba la TAZAMA lilipofunguliwa mwaka 1968 likapunguza mzigo, kisha lami ikafuata, kisha TAZARA. Ulipoamuliwa umuhimu wa kupita mwaka mzima, fedha zilipatikana. Tawi la kutoka Sangasanga kupanda mlimani halikuwa na shaba wala Rhodesia. Lilikuwa na kabichi.

Halafu ikaja njaa ya mafuta. Bei ilipanda mwaka 1973, ikapanda tena 1979, na vita vya Kagera vilikuwa vimekausha hazina. Wanaokumbuka miaka ile wanakumbuka foleni, vibali, na marufuku ya magari binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Nchi nzima ilikuwa inalaza magari, si kwa sababu ya mvua tena. Spea hazikuwepo. Kila mtaa wa Morogoro ulikuwa na gari juu ya mawe, na kuku wametaga kwenye kiti cha nyuma. Kwenye daftari, mistari ya lita inaanza kukonda: 40, 20, 15, 10.

Tarehe 12 Aprili 1984 Waziri Mkuu Edward Sokoine alifariki kwa ajali ya gari Dakawa, kwenye barabara ya kutoka Dodoma kuja Morogoro. Ndiyo sababu familia yetu haisahau mwaka wala mwezi. Siku chache baadaye, redio bado inapiga nyimbo za maombolezo, mama mdogo alishikwa na uchungu usiku, na mtoto amekaa vibaya. Pale zahanati wakasema apelekwe mjini. Mvua ilikuwa inanyesha tangu juzi yake.

Land Rover ilikuwa Mwembesongo, juu ya mawe, haina tairi hata moja. Jirani, yule wa minyororo, pikapu yake ilikuwa pale pale kijijini, na alitoka mwenyewe usiku bila kuitwa, ugomvi na kila kitu kikiwekwa pembeni. Akafungua tangi, akatumbukiza kijiti. Kijiti kikatoka kikavu. Alikuwa na wiki tatu hajapata petroli.

Wakafunga machela kwa shuka mbili na miti. Wanaume walipokezana kumbeba tangu alfajiri, na mjomba alikuwa mmoja wao, mbele upande wa kulia. Ufunguo ulikuwa shingoni mwake safari nzima. Walifika Mlali jioni, wakapata lori la kuwafikisha mjini. Mama mdogo alipona. Mtoto, wa kiume, hakupona, na mama mdogo hakuzaa tena. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Nakumbuka waliporudi jinsi tope lilivyokuwa limekauka kwenye miguu ya mjomba mpaka magotini, na kwamba hakulinawa mpaka kesho yake.

Mama mdogo hakuwahi kumlaumu mtu. Lakini mwaka 1985, Machi ilipofika, mjomba hakuteremsha gari. Aliliacha Nyandira, chini ya kibanda cha nyasi alichokijenga kwa ajili hiyo, matairi yamevaa minyororo, aliyoinunua kwa jirani. Likakaa hivyo masika ya 1985, 1986 na 1987. Lilibeba wagonjwa, nimehesabu, 11. Mwaka mmoja lilikaa usiku kucha limelala ubavu juu ya korongo, limezuiwa na mgruvela. Unyevu wa mlimani, ambao hauna haraka, ukalifanyia chasisi kile ambacho chumvi ya Winnipeg hufanya. Klachi ikaisha kwa tope. Mwaka 1988 pameandikwa, "Limelala 8/3." Hakuna "limeamka."

Mengine nayapita haraka. TANROADS ilianza mwaka 2000, TARURA mwaka 2017, na kipande kimoja kimoja cha mlima kimepata zege au changarawe, hasa kwenye makorogo mabaya. Mwaka huohuo wa 2017 serikali ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya gari, ile ya stika ya kioo cha mbele, na kuihamishia kwenye mafuta, shilingi 40 kwa lita. Watu waliongea sana juu ya unafuu. Mimi nilimfikiria mjomba, maana kabla ya hapo gari lililokaa juu ya mawe lilidaiwa sawa na linalokimbia. Angefurahi, halafu angeuliza shilingi 40 hizo zinapanda mpaka Nyandira au zinaishia Sangasanga.

Siku hizi ni bodaboda. Kijana anapanda na mjamzito katikati, shemeji nyuma kamshikilia, mvua inanyesha, na wanafika. Nauli ya Aprili si ya Agosti, kila mtu anajua na hakuna anayebisha. Mimi nina kigari changu cha Kijapani, cha mitumba, kimelala chini mno kwa mlima ule hata kiangazi. Masika hukiacha Mlali kwa watu ninaowafahamu, natoa betri, napanda pikipiki.

Wiki iliyopita binamu aliniomba nimpigie picha ukurasa wa Aprili 1984. Nikamtumia. Akapiga simu saa nane za usiku kwa saa za huku.

"Binamu, gari lingekuwa juu, mtoto angepona?"

Nikamwambia aangalie mstari wa kulala, 17/3. Pembeni yake pameandikwa, "Tangi lita 3." Gari lililazwa karibu kavu. Hata lingekuwepo Nyandira usiku ule lisingefika mjini.

Akanyamaza kidogo. "Lakini Mlali?"

Nilikuwa nimetarajia atauliza, kwa sababu hata mimi nimewahi kukaa na kalamu. Land Rover ile ya petroli, kilomita sita kwa lita ukibahatika. Kutoka kwao mpaka Mlali ni zaidi ya hapo. Lakini karibu yote ni mteremko.

"Geuza ukurasa," nikamwambia, kisha nikakumbuka sikuwa nimempigia picha upande wa pili. Basi nikamsomea. Juu kabisa, kwa kalamu ya risasi, kwa mwandiko uleule mdogo wa mzee, bila tarehe wala neno lolote: 3 x 6 = 18. Chini yake amelifuta, akaliandika tena.