Nyota Iliyofichwa Chini ya Jina la Mwingine

Zamani nilipokuwa nikijifunza kazi ya kuchora, mwalimu wetu alikuwa na desturi moja iliyotuudhi sana. Alikuwa akileta picha iliyopigwa chapa kitabuni, akiziba jina la mchoraji kwa kipande cha karatasi, kisha akituuliza, "Je, ni nzuri au si nzuri?" Siku moja alituonyesha picha ya mwanamume apigaye fidla, na kando yake mwanamke ashikaye bilauri, nyuso zao zimejaa furaha. Tulikaa kimya. Hatimaye mimi nikasema, "Mwalimu, tuambie kwanza ni ya nani." Wenzangu wakacheka, lakini najua ya kuwa nao walikuwa wakilingoja jina vile vile. Mwalimu hakucheka. Alisema ya kwamba swali langu liliwahi kupelekwa mbele ya hakimu katika mji wa London, na fedha nyingi zilikuwa zikingoja jibu lake. Habari hiyo ndiyo ninayotaka kuwasimulia wasomaji.

Katika nchi ya Uholanzi uko mji uitwao Haarlem. Katika karne ya kumi na saba mji huo ulikuwa na mali nyingi kwa ajili ya nguo za kitani na pombe ya shayiri, na watu wake wengi walikuwa wamekwisha kushika Uprotestanti. Makanisa hayakutaka tena picha za madhabahuni, basi wachoraji wakawageukia wenye nyumba: wafanyabiashara, waoka mikate, manahodha. Hao walitaka picha ndogo za kutundika ukutani, zenye mambo waliyoyajua wenyewe: mtoto achezaye, mpiga zomari, mama ashonaye.

Katika mji huo alibatizwa Judith, mwaka wa 1609, mtoto wa nane wa Jan Willemsz. Baba yake alikuwa na kiwanda cha pombe kilichoitwa Leyster, yaani ile nyota ambayo mabaharia huifuata usiku, na jamaa yote ikachukua jina hilo. Baadaye mali ya baba ikafilisika. Lakini mwaka wa 1628, binti yule alipokuwa hajatimiza miaka ishirini, mchungaji mmoja aliyeandika kitabu cha kuusifu mji wa Haarlem alikwisha kumtaja miongoni mwa wachoraji. Hata kufika mwaka wa 1633 alikuwa amepokewa katika chama cha mafundi kiitwacho cha Mtakatifu Luka, kwa kuwa ni masimulizi ya kale ya kwamba Luka mwenye Injili alikuwa mchoraji pia. Wanawake katika chama kile walikuwa wa kuhesabika. Aliyepokewa aliweza kuuza kazi zake kwa jina lake, na kuwa na wanagenzi wa kuwafundisha.

Judith alikuwa nao watatu. Mwaka wa 1635 mmoja wao, kijana aitwaye Willem Woutersz, alimwacha akaenda kwa Frans Hals, fundi mkubwa kuliko wote mjini. Wengine wangalinyamaza. Judith alikwenda kwenye chama, akamshitaki mama wa kijana na kudai ujira wake. Wazee wa chama walimpa gilda nne, nusu ya zile alizozitaka, na Hals naye akatozwa faini. Hata yeye Judith alitozwa, kwa sababu hakumwandikisha kijana kama sheria ilivyotaka. Naipenda sana habari hii, kwa kuwa inatuonyesha mtu kamili, ajuaye haki yake, na mwenye kusahau karatasi zake kama sisi sote.

Alitia alama katika picha zake: herufi J na L zilizoshikana, na nyota ubavuni. Ilikuwa mchezo wa jina lake, tena hakuna mwingine aliyekuwa nayo.

Picha yake moja ya mwaka wa 1631 imo katika nyumba ya makumbusho ya Mauritshuis, mjini The Hague. Ni usiku. Mwanamke ameketi karibu na taa akishona, ameinama, macho yake yako katika kitambaa. Nyuma yake amesimama mwanamume mwenye kofia ya manyoya, amemwekea mkono begani, na mkono wa pili umejaa fedha. Shabaha yake haifichiki. Mwanamke haangalii fedha, wala hapigi kelele. Anashona tu, na mwanga wote wa picha umemwangukia yeye. Wachoraji wengi wa wakati ule walipochora mambo kama hayo walimfanya mwanamke acheke na kuinyosha mikono. Nimeitazama picha hii mara nyingi, nami sijaona kwingine kazi ya sindano ikiheshimiwa namna hii.

Mwaka wa 1636 aliolewa na mchoraji mwenziwe, Jan Miense Molenaer, wakahamia Amsterdam. Walizaa watoto watano, wawili tu wakafikia utu uzima. Tangu hapo kazi zake zijulikanazo ni chache mno. Mojawapo ni ua la tulipu alilolichora mwaka wa 1643. Huenda alimsaidia mumewe, huenda alishika hesabu za nyumba. Mwenye kulea ajua saa za mchana huenda wapi. Alikufa mwaka wa 1660. Mali ya nyumba ilipoandikwa, baadhi ya picha zake ziliandikwa kuwa ni za mke wa Molenaer.

Basi jina likapotea. Picha hazikupotea, maana ziliendelea kutundikwa na kuuzwa, lakini hakuna aliyeijua ile nyota. Kwa muda mrefu hata Frans Hals hakuthaminiwa. Lakini mwaka wa 1865, katika mnada wa Paris, matajiri wawili walishindania picha yake ya bwana mwenye masharubu hata ikafika faranga 51,000. Tangu siku hizo kila mwenye kuuza picha ya Haarlem yenye nyuso za furaha alitamani iwe ya Hals.

Ile picha ya fidla na bilauri iliuzwa London mwaka wa 1892 kwa pauni 4,500, ikisemekana kuwa kazi bora ya Hals. Kisha mnunuzi akaitazama vizuri alama yake. Palipodhaniwa kuwa jina la Hals palikuwa na J, na L, na nyota. Akaenda barazani kudai fedha zake. Mwaka wa 1893 wakapatana: picha ibaki kwa mnunuzi, na bei ishuke hadi pauni 3,500. Mwaka huo huo mtaalamu wa Kiholanzi, Cornelis Hofstede de Groot, alitangaza maana ya alama ile na kuzitaja picha saba za Judith. Sasa picha ile imo katika Louvre, Paris.

Simlaumu sana mnunuzi yule. Anunuaye ng'ombe kwa sifa ya mbegu yake ana haki ya kulalamika akiona amedanganywa. Lakini rangi zilikuwa zile zile, na furaha ya mpiga fidla haikupungua usiku mmoja. Mtu mpya alikuwa amepatikana, aliyekuwa amesahauliwa zaidi ya miaka mia mbili, na watu wakaona hasara tu. Wako waliosema ya kuwa alimwiga Hals tu. Ni kweli alimjua na alijifunza katika kazi zake. Lakini zile picha za usiku na taa si desturi ya Hals.

Niliposikia habari hii nilikumbuka mama mmoja wa kijijini kwetu afinyangaye vyungu. Sokoni watu huuliza vyungu vya kwetu, nao huvisifu; jina lake hawalitaji. Chini ya mdomo wa kila chungu amekwaruza mistari miwili mifupi. Nilikuwa nimekula katika vyungu vile tangu utotoni, nikidhani mistari ile ni urembo. Nilipomwuliza alisema, "Ni yangu hiyo," akaendelea na udongo wake.

Judith alijichora mwenyewe karibu na mwaka wa 1630, na picha hiyo iko Washington, Marekani, tangu mwaka wa 1949. Amevaa kola kubwa nyeupe, isiyofaa hata kidogo kwa kazi ya rangi. Amegeuka kitini, burashi tele mkononi, na mbele yake pana picha ya mpiga fidla ambayo haijakwisha. Wataalamu wameichungulia kwa mionzi, wakaona ya kuwa mahali pa mpiga fidla alikuwa ameanza kuchora uso wa mwanamke, kisha akabadili shauri. Mdomo wake umefunguka kidogo, kana kwamba tumeingia alipokuwa karibu kusema neno. Hiyo ndiyo picha pekee ambayo mwalimu wetu hakuiziba jina.