Bigo bya Mugenyi: Ushahidi wa Udongo na wa Masimulizi katika Mihadhara ya Urithi

Kila mhadhara wa akiolojia unaotolewa kwa wapenzi wa historia nchini Uganda hufikia swali lile lile: je, Bigo ilijengwa na Wachwezi? Mahandaki ya Bigo bya Mugenyi (jina lenyewe lamaanisha maboma ya mgeni) yako kando ya mto Katonga, yana urefu wa takriban kilomita 10, na mahali pengine yamekatwa ndani ya mwamba. Peter Shinnie alichimba huko mwaka 1957, na Merrick Posnansky mwaka 1960. Posnansky aliyahusisha matokeo yake na masimulizi ya Wachwezi. Watafiti waliofuata wamekuwa waangalifu zaidi, na kwa maoni yetu wana hoja. Udongo hutoa vigae vya vyungu na mifupa ya ng'ombe. Hautaji jina la mfalme.

Hata hivyo, mhadhiri anayetangaza kwamba Wachwezi ni hekaya tupu hupotoka vilevile. Watu wangali wakifika Bigo kutambika, na nasaba za watawala wa Bunyoro na Nkore zimefungamanishwa na kumbukumbu hiyo. Ubao wa maelezo ukiandika "ikulu ya Wachwezi" kana kwamba imethibitishwa, serikali huwa imeamua dai la nasaba bila ushahidi. Ukiwanyamazia Wachwezi, huwageuza watambikaji kuwa wavamizi wa mahali pao wenyewe. Tunapendekeza ubao huo ueleze bayana lipi limetoka mchangani na lipi limetoka vinywani mwa wazee.