Barua ya Baba na Usalama wa Njia: Watoto wa Pemba na Safari za Ng'ambo

Mwanafunzi wangu mmoja, mwenyeji wa Wete, alinijia baada ya mhadhara na swali ambalo sikuwa na jibu lake la haraka. Dada yake alitaka kuvuka kwenda Mombasa na watoto wake wawili, kumuuguza shangazi aliyemlea. Baba wa watoto yuko Maskati mwaka wa nne sasa. Vyeti vya kuzaliwa alikuwa navyo, barua ya sheha alikuwa nayo, lakini alipokwenda kuwaombea watoto hati za kusafiria aliambiwa hazitatoka bila ya ridhaa ya baba kwa maandishi. "Mwalimu," akaniuliza, "bibi yetu alikuwa akivuka na watoto kila msimu wa kaskazi. Yeye barua alipewa na nani?"

Jibu fupi ni kwamba bibi hakuwa akienda nchi ya kigeni. Tangu 1895 ukanda wa maili 10 wa mwambao wa Kenya ulisimamiwa na Waingereza kwa niaba ya Sultani wa Zanzibar. Hata bara lilipofanywa koloni mwaka 1920, ukanda ule uliendelea kuitwa himaya. Ni makubaliano ya Oktoba 1963 ndiyo yaliyoutia moja kwa moja katika Kenya iliyokuwa ikielekea uhuru. Kwa hiyo wavuvi wa Kojani na Micheweni waliokwenda dago Shimoni na Vanga walikuwa wakivuka mkondo wa bahari tu. Wengine walikwenda peke yao na kurudi upepo ulipogeuka. Wengine walifuatana na wake na watoto, wakajenga huko huko. Ridhaa ya mzazi aliyebaki ilikuwa neno la mdomo, lenye wazee wa pande mbili kuwa mashahidi wake.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba hapakuwa na sheria. Minhaj al-Talibin, kitabu cha Imam Nawawi aliyefariki mwaka 1277, ni miongoni mwa vitabu ambavyo makadhi wa Kishafii wa mwambao wetu wamevitegemea sana. Katika suala la hadhana, yaani malezi ya mtoto ambaye wazazi wake wametengana, kinaeleza kwamba mzazi mmoja akisafiri kwa haja na kurudi, mtoto hubaki na mzazi aliye mjini. Ikiwa safari ni ya kuhama, baba hutangulizwa, kwa sharti kwamba njia iwe salama na mji uendewao uwe salama. Uzito huo wa baba unaweza kujadiliwa, na mimi ni miongoni mwa wanaoujadili. Lakini sharti lile lastahili kukumbukwa, kwa sababu hata haki ya baba ilisimamishwa mbele ya swali moja: mtoto atakuwa salama?

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliibadilisha bahari ile. Kutoka visiwani kukawa jambo la kibali, na wasiokipata, au waliochelea kukiomba, waliondoka usiku kwa mashua. Aliyetangulia mara nyingi alikuwa mmoja wa wazazi, na ahadi ya kuwafuata wengine baadaye haikutimia kila mara. Sultani Qaboos alipoingia madarakani Oman mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa ng'ambo, njia ya Maskati ilifunguka zaidi, na nyumba nyingi za Chake Chake na Wete zikawa na mguu mmoja huku na mmoja kule. Tunaposema leo kwamba baba hayupo, tunataja mara nyingi matokeo ya siasa na uchumi wa nusu karne. Afisa aliye mezani hawezi kumlaumu mama kwa kutokuwepo huko.

Kisha ikaja Januari 2001. Tarehe 26 na 27 vyombo vya dola viliwafyatulia risasi wananchi waliokuwa wakiandamana kupinga matokeo ya uchaguzi wa Oktoba 2000. Tume iliyoongozwa na Jenerali Hashim Mbita ilitaja vifo 31. Human Rights Watch ilisema havikupungua 35. Watu wapatao 2,000 walivuka kuingia Kenya, wengi wakifikia Shimoni. Wapo waliokimbia wakaacha watoto nyuma, na wapo waliokimbia na watoto bila kujua mwenza yuko wapi: maporini, hospitalini, rumande au kaburini. Barua ya ridhaa siku ile ingeandikwa na nani? Hata swali la Imam Nawawi lilikuwa limepinduka, kwani mji wa hatari ulikuwa ule wanaoutoka.

Wengi walirudi mwaka ule ule, hasa baada ya muafaka wa CCM na CUF uliotiwa saini tarehe 10 Oktoba 2001. Wengine walihamishiwa kambi za Dadaab, na baadhi yao wakaishia Somalia. Mwaka 2012, zaidi ya miaka 10 tangu wakimbie, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilisaidia kuzirejesha Zanzibar familia kadhaa kutoka Mogadishu. Mtoto aliyevushwa mkondo akiwa na miaka mitano alikuwa kijana wa miaka 16.

Na wale wa dago walioselelea Kwale na Kilifi tangu zama za kabla ya mpaka? Walizaa, wakapata wajukuu, na vizazi hivyo vikaishi bila uraia wa nchi yoyote. Bila kitambulisho hupati leseni ya uvuvi, hufungui akaunti ya benki, na mwanao anahangaikia cheti cha kuzaliwa kama ulivyohangaika wewe. Serikali ya Kenya iliwatambua Wapemba kuwa moja ya jamii za nchi hiyo mwaka 2023, na Julai mwaka huo ikaanza kuwakabidhi vitambulisho. Idadi yao ilikadiriwa kuwa kiasi cha watu 7,000.

Historia hii hainifanyi niseme kwamba barua ya ridhaa ifutwe. Watoto hutoroshwa kweli na wazazi wao wenyewe. Ndoa huvunjika, mmoja akampandisha mtoto ndege au boti ili mwenzake asimwone tena. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unaitaka dola izuie jambo hilo katika ibara ya 11. Lakini ibara ya 10 ya mkataba huo huo inalinda haki ya mtoto kuonana na wazazi walio nchi tofauti, na ibara ya 3 inataka maslahi ya mtoto yatangulizwe katika kila uamuzi unaomhusu.

Kwa watumishi wa umma wanaonisoma, naona mambo matatu yanafuata. Kwanza, mama aombapo huulizwa ridhaa ya baba. Baba aombapo naye aulizwe ridhaa ya mama kwa ukali ule ule. Pili, mzazi ambaye mwenzake yuko mbali, hajulikani alipo au hataki kujibu, aelekezwe mahakamani apate amri kwa haraka. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya 2011 imeunda Mahakama ya Watoto, na Mahakama ya Kadhi ina uzoefu mrefu wa mashauri ya malezi. Mwananchi anayeambiwa "nenda kalete barua" bila kuonyeshwa mlango mwingine amefungiwa njia. Tatu, kabla ya sahihi, aulizwe mwombaji: mtoto anakwenda kwa nani, kwa muda gani, na atarudi vipi? Majibu ya maswali hayo humlinda mtoto kuliko karatasi ambayo mwenye hila anaweza kuighushi.

Barua ya baba ilifika baada ya wiki sita, ikiletwa kwa mkono na msafiri kutoka Maskati. Shangazi alikuwa ameshazikwa Mombasa. Dada yule alivuka na watoto wake kwenda kuhani.